Je, kuchonga mashua kunaweza kuwa sehemu ya matibabu ya askari mstaafu?

Mama Likoni aliuliza:

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mume wangu alitumikia jeshi la wanamaji kwa miaka 22, kituo chake kikiwa Mtongwe, na alikuwa miongoni mwa waliokwenda Kismayu mwaka 2012. Alistaafu akiwa mzima wa viungo, lakini usingizi wake haukurudi naye. Tuktuk ikitoa mlio wa ghafla barabarani, yeye huwa ameshainama kabla mimi sijageuka. Feri haipandi tena kwa sababu ya msongamano. Huzungukia Dongo Kundu hata safari ikirefuka maradufu.

Daktari wa magonjwa ya akili amempa dawa, naye huzimeza bila kukosa. Kilichokwama ni mazungumzo, kwani kila akiulizwa habari za Somalia hujibu kwamba kulikuwa na joto, kisha hunyamaza. Miezi mitatu iliyopita alianza kuchonga mashua ndogo kwa mabaki ya mbao aliyopewa na seremala jirani. Huchonga usiku, na nimeona kwamba anapokuwa ameshika patasi mikono yake haitetemeki. Mashua zote zina mlingoti na foromali, hata kamba za tanga amezifunga kwa uzi, lakini hakuna hata moja yenye usukani. Nilipomuuliza sababu, aliifunika kwa gazeti akaenda kulala.

Nimesikia kwamba huko Marekani wanajeshi hutibiwa kwa sanaa. Je, hiyo ni tiba kweli, au ni njia ya kumpitishia mtu wakati? Na mimi nifanye nini nisije nikamharibia?

Muuguzi wa Kisauni alijibu:

Wa alaykumu salaam, dada yangu, na pole kwa mzigo huu ambao umeubeba kwa subira. Ni tiba kweli, ila inapotolewa na mtu aliyesomea kazi hiyo. Aliyeipa jina la tiba ya sanaa, mwaka 1942, ni Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza aliyewahi kuwa askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambaye alipolazwa kwa kifua kikuu aligundua kwamba kuchora kitandani kulimsaidia kupona, akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake, wakiwemo wanajeshi waliorudi vitani.

Hayo uliyoyasikia ya Marekani yanafanyika katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, huko Bethesda, jimbo la Maryland, ambako wanajeshi wenye majeraha ya ubongo na kiwewe hupewa barakoa tupu wazipambe watakavyo. Wapo walioishona midomo ya barakoa zao, na wapo walioigawa sura nusu kwa nusu, upande mmoja uso wa kawaida na wa pili fuvu. Mtu ambaye kwa miezi hakuweza kumwambia daktari neno huweza kuinyanyua barakoa na kusema, "hivi ndivyo nilivyo ndani." Kumbukumbu ya kiwewe mara nyingi hukaa kichwani kama picha, harufu na sauti zisizo na mpangilio wa hadithi, ndiyo maana kuulizwa "ilikuwaje?" humfunga mtu kinywa, ilhali mkono hupata pa kuanzia.

Usimwachishe dawa wala kliniki. Ushahidi wenye nguvu zaidi bado uko upande wa matibabu ya mazungumzo yanayolenga kiwewe chenyewe, na sanaa hufaa iambatane nayo. Usimuulize tena maana ya usukani, wala usimfasirie wewe. Mwambie tu kwamba umeiona kazi yake na kwamba fundo za kamba zimekaa vizuri, kisha mwache. Endapo jinamizi litazidi baada ya kuchonga, au akianza kusema hana haja ya kuishi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na vifaa vyenye makali viwekwe mbali naye.

Fundi wa Changamwe alijibu:

Mimi si tabibu, ni mchongaji, lakini swali hili limenigusa. Inasimuliwa Ukambani kwamba sanaa yetu ya vinyago vya kuuza ilianza na Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza akajifunza huko kwa Wazaramo. Sisi hukaa chini ya mabanda, bega kwa bega, kila mtu macho yake yakiwa kwenye gogo lake. Nimewasikia wanaume wakitoa siri hapo ambazo wasingezitoa wakitazamana usoni, kwa sababu palipo na kazi mkononi hata kimya hakimwaibishi mtu. Ningependa shemeji asichonge peke yake usiku wote. Mtafutie fundi mtulivu akae naye asubuhi moja kwa wiki, bila kumwambia kwamba ni matibabu.

Mwalimu wa Ngoma, Mji wa Kale, alijibu:

Naafikiana na fundi, ila katika hilo la mwisho natofautiana naye: mtu mzima aambiwe ukweli, kwani akigundua kwamba amezungukwa atakosa imani na nyote. Upande wa muziki, hapa pwani tulikuwa na beni, vikundi kama Kingi na Skochi vilivyoiga bendi za kijeshi, na askari wenyewe waliicheza na kuieneza. Kuimba kwa pamoja hupanga pumzi, na pumzi iliyopangwa hutuliza moyo unaokwenda mbio. Lakini msimlete katikati ya matarumbeta. Aanze na chombo anachokishika mwenyewe, ili sauti itoke atakapo yeye.

Mama Likoni aliandika tena:

Nawashukuru sana, Mungu awalipe. Jana nilimsomea majibu yenu yote, pamoja na yale yanayopingana. Kuhusu ngoma hakusema kitu. Kuhusu banda la wachongaji aliuliza kama wana msasa laini, kwa kuwa wa kwake umekwisha. Jumanne tunakwenda kliniki, na ameniomba nimtafutie mfuko wa kubebea mashua moja. Ameniomba pia nisimweleze daktari lolote kuihusu, atasema mwenyewe.