Msaada wakuu: nitoe hela ya "fomu ya fidia" ya vita ya Kagera au niipeleke kibanjani (shamba la migomba la nyumbani)?

Mwana_Igoma:
Habari za mchana wakuu. Niko Mwanza, Igoma, nauza vipuri vya bodaboda. Kwa asili sisi ni wa Missenyi, kule ng'ambo ya mto Kagera, ile sehemu Amin aliyoitangaza Novemba 1978 kwamba imeshakuwa Uganda. Babu na bibi walikimbia na watoto, wakavuka Kyaka kabla daraja halijalipuliwa, wakafika Bukoba wakapanda meli mpaka huku na hawakurudi tena kuishi. Ng'ombe walibebwa wote. Baadae babu mdogo alirudi akashika kipande cha kibanja, kipande kingine wapo watu wengine mpaka leo.

Sasa kuna jamaa hapa mjini anapita kwa watu wa Kagera anaandikisha majina, anasema fidia ya vita inakuja, fomu elfu hamsini kwa kila mrithi na sisi tupo saba. Anatoa mfano wa Kuwait eti Saddam alipowateka walilipwa mpaka watu wa kawaida. Baba mkubwa keshakubali anataka tuchange. Mimi naona hiyo laki tatu na nusu bora iende shambani. Nishaurini, matusi wekeni pembeni.

Dada_Kirumba:
Fidia gani inaanza kwa kukudai wewe hela? Toka mbio.

Hesabu_Kali:
Mkuu, ya Kuwait ni kweli, ndo maana huyo jamaa anaaminika, ila mwambie amalizie stori. Saddam kaingia Kuwait Agosti 1990, kaitangaza mkoa wa 19 wa Iraq, katimuliwa mwanzoni mwa 1991, halafu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaamua Iraq ilipe, ikaundwa tume na hela ikawa inakatwa juu kwa juu kwenye mauzo ya mafuta ya Iraq, mwanzoni mpaka asilimia 30. Jumla zilitoka dola bilioni 52.4 na malipo yamekuja kuisha 2022. Watu binafsi walitangulizwa kweli, lakini madai yalipelekwa na serikali zao.

Sasa linganisha na sisi. Kampala inaanguka Aprili 11, 1979, Amin kashakimbia, hazina kaiacha nyeupe, visima vya mafuta hana. Baraza gani lilikaa kuhusu Missenyi? Wa kukatwa hela alikuwa nani?

Mzee_wa_Nera:
Vijana mnaongea kama vita iliwala watu wa Missenyi peke yao. Ile bili tumeilipa wote. Inatajwa kama dola milioni 500, na wakati huo Jumuiya ya Afrika Mashariki imekufa juzi tu 1977, mafuta nayo yakapanda bei duniani 1979. Mwalimu akatuambia tufunge mikanda miezi 18. Mimi mkanda wangu sijaambiwa nifungue mpaka leo! Tumepanga foleni ya sukari, ya sabuni, ya mafuta ya taa, hapa hapa Mwanza. Halafu Machi 1979 ndege ya Libya ilitumwa kumsaidia Amin ije kupiga Mwanza, ikakosa shabaha mabomu yakadondoka kisiwa cha Saanane, wakafa swala. Muulize huyo wa fomu, na hao swala anawaandikisha?

Kyaka_Mpya:
Mimi nipo huku huku Missenyi. Mwana_Igoma umeandika "ng'ombe walibebwa wote" ukapita haraka, na hapo ndo penyewe. Watu wanadhani ng'ombe akiibiwa umepoteza nyama na maziwa. Kwetu ng'ombe anachungwa rweya, yaani kwenye uwanda wa nyasi, usiku analala nyumbani, samadi inaenda kwenye mgomba, na kahawa imekaa humo humo kati ya migomba inakula hiyo hiyo samadi. Ukiondoa ng'ombe mwaka huu ndizi utavuna, mwaka kesho pia, baada ya hapo mkungu unaanza kuwa mwembamba na shina linaanguka kwa upepo kidogo tu. Jeshi la Amin lilikaa wiki chache, lakini mtu aliyerudi bila ng'ombe na bila hela ya kununua wengine ameona kibanja kinachoka mbele ya macho yake miaka na miaka. Kuna waliopona, ni wale waliokuwa na ndugu kusini mwa mto wa kuwapa ndama.

Dada_Kirumba:
Sawa ila tusimbebeshe Amin kila kitu jamani. Kahawa iliporomoka dunia nzima 1989 ule mkataba wa kimataifa ulipovunjika, na mnyauko wa migomba umeingia Kagera 2006. Huo hakuleta yeye.

Kyaka_Mpya:
Kweli dada, ila mwenye ng'ombe kumi na asiye na hata mmoja hawaanguki sawa bei ya kahawa ikishuka.

Hesabu_Kali:
Kuhusu kile kipande chenye watu, nenda taratibu. Kudai ardhi mahakamani kuna ukomo wa miaka 12 na nyie mna zaidi ya arobaini. Waestonia kule Ulaya walimezwa na Urusi ya Stalin 1940, walipojikomboa 1991 serikali yenyewe ikaamua kurudisha mashamba na nyumba kwa wenyewe wa zamani au warithi. Kilichotokea? Warithi wengi wapo mjini kulima hawalimi, na kwenye nyumba wapo wapangaji wa miaka mingi hawana pa kwenda, ugomvi juu ya ugomvi. Na hapo sheria ilikuwa upande wao. Wewe kaa na serikali ya kijiji, mpimiwe alichonacho babu mdogo, kipate hati ya kimila kwanza.

Mzee_wa_Nera:
Huyo babu mdogo mmemuuliza lakini? Maana mnagawana hela ya kibanja chake.

Mwana_Igoma:
Mzee umenishika. Nimempigia sasa hivi, amecheka sana hiyo habari ya fomu. Anasema laki tatu na nusu mtamba haitoshi, ila nikimletea samadi lori moja na mbuzi majike wawili ataanzia upande wa kahawa. Hati anaitaka, ila hataki jina la baba mkubwa liwemo 😅. Hapo ndo pagumu. Kuna mtu amewahi kuandikisha hati ya kimila kwa jina la ukoo badala ya mtu mmoja? Inaenda vipi?