DC-3 ya 1/72: kopo, laka au karatasi ya jikoni?

Himbi72 (Goma)
Wakubwa, salamu. Mfano wangu wa ndege ya DC-3, mdogo mara 72 kuliko ndege halisi, umeshaungwa, sentimita 40 bawa hadi bawa. Nataka ung'ae kama bati tupu, si kama geti lililopakwa rangi ya fedha. Nilijaribu kopo la rangi ya kupuliza ya magari kwenye kipande kibovu: chembe zake kubwa, kwa kipimo hiki ni mchanga mtupu. Nachagua kati ya kopo la Tamiya AS-12 (fedha ya kupuliza), laka ya Alclad II (ya rangi ya chuma) na karatasi ya aluminiumu ya jikoni. Nani ameshazitumia?

Fundi_Ibanda (Bukavu)
Alclad ikikubali, hakuna ya kuishinda. Ila inataka pistole ndogo ya kupulizia rangi kwa upepo na msingi mweusi wa kung'aa. Tabaka lake ni jembamba mno, mwanga unapenya na kurudishwa na kilicho chini, kwa hiyo chini pakiwa na kasoro, umeisha. Mimi ubavu wa kushoto niliusugua hadi msasa laini wa 2000, wa kulia nikachoka nikaishia wa 800, unaokwaruza zaidi. Nilipopuliza, kulia ikajitokeza mikwaruzo ambayo kwenye plastiki sikuiona hata kwa miwani. Ndege hiyo iko kabatini, ubavu wa kulia umetazama ukuta.

Himbi72
Yaya, kompresa ndiyo shida. Umeme wa huku unaujua. Halafu vumbi jeusi la volkano linaingia hata madirisha yakifungwa.

Fundi_Ibanda
Upepo chukua kwenye tairi la akiba la gari, unajaza kwa mtengeneza matairi. Hauna kelele. Vumbi sina dawa yake.

Mtu_wa_Katuba (Lubumbashi)
Basi karatasi. Ni aluminiumu kweli, haiigizi kitu. Paka gundi ya kubandikia jani la dhahabu, ngoja mpaka inate kidole bila kukilowesha, kisha bandika bati kwa bati ukifuata mistari ya mwili wa ndege. Sugua kwa pamba ya masikio kutoka katikati kwenda nje, ukate kwa wembe mpya. Wembe wa jana unachana. Upande mmoja wa karatasi unang'aa, wa pili umefifia, na mchirizi wake, ile mistari midogo ya karatasi, ukiugeuza, rangi inageuka pia. Changanya, maana ndege halisi mabati yake hayafanani.

Vumbi lifute kabla ya gundi. Punje moja chini ya karatasi inakuwa chunusi. Puani na kwenye vifuniko vya injini itakunja tu, hapo tumia rangi.

Rubani_wa_Meza (Goma)
Mnamtisha mwenzetu. AS-12 haihitaji msingi mweusi, na ikikauka inavumilia utepe wa kufunikia. Ubaya wake ni kuwa na rangi moja, ndege yote inatoka kama kijiko.

Jambo ambalo wote mmeliruka: usukani wa mkia na vipande vinavyochezacheza vya mkiani na vya nchani mwa mabawa ya DC-3 vilifunikwa kitambaa, si bati. Ukivibandika karatasi ing'aayo umekosea, hata ukibandika vizuri namna gani. Hapo paka fedha iliyofifia.

Himbi72
Kumbe! Usukani nilishaubandika karatasi jana usiku, kwa majaribio. Naubandua leo. Gundi iliyobaki naiondoa na nini bila kula plastiki?

Mtu_wa_Katuba
Kama ni ya maji, maji ya vuguvugu na sabuni, kwa subira. Asetoni usiisogeze hata karibu na meza.