Naomba ushauri: kaseti ya Base Wars haiingii kwenye mashine yangu

Wadau, habari zenu. Binamu yangu ameniletea kutoka Marekani kaseti ya Base Wars, ile gemu ya besiboli ya roboti ya mwaka 1991, ya NES (mashine ya gemu ya Nintendo). Mkimbiaji akikaribia kutolewa kwenye besi, roboti wawili wanazichapa palepale, na mshindi ndiye mwenye besi. Raha tupu, lakini nimeiona kwa video tu!

Mashine yangu ni zile za kaseti za manjano tulizokulia nazo hapa Kondele, za pini 60. Hii ya kijivu ina 72, pana kupita tundu. Fundi mmoja alishika msasa aipunguze, nikamnyang'anya mbio.

Je, adapta inapatikana Kisumu au Nakuru? Ama nitafute NES yenyewe?