Jiografia au fizikia miaka miwili ya mwisho ya shule? Naombeni ushauri, nimekwama

MtoMkavu:
Habari zenu wakuu. Nimebakiza miaka miwili kumaliza sekondari na natakiwa kuchagua masomo matatu. Hisabati na biolojia nimeshaamua. La tatu ndilo linaninyima usingizi. Baba anataka fizikia ili niwe rubani. Mimi moyo uko kwenye jiografia: kwa nini mto unajipinda, kwa nini mji umeota pale na si kule, kwa nini mvua inaishia upande mmoja wa mlima. Je, jiografia ina kazi huko mbele? Siku zimebaki chache.

BiKibibi:
Mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilimbishia marehemu baba nikaenda kusomea nilichotaka. Baada ya miaka sita nilirudi kule kule alikonielekeza, na yeye hakuwepo tena nimwambie. Msikilize mzee wako.

FundiDira:
Soma jiografia, dogo, angalau hutapotea njia 😀

Kazi zipo: upimaji ardhi, mipango miji, mazingira, usafirishaji, ramani za kompyuta. Ila ukitaka hali ya hewa, vyuo vingi vitakudai fizikia pia, kwa hiyo soma masharti yao kwanza. Mimi ni mpima ardhi. Mzee aliyenifundisha kazi alinipa ramani ya 1:50,000 akanitembeza siku nzima bila ruhusa ya kuuliza mtu njia. Sentimita mbili kwenye karatasi, kilomita moja mguuni. Kufika jioni nilikuwa nalijua bonde kabla sijaliona. Sijawahi kuitaka kazi nyingine tangu siku ile.

SaaSita:
Chache ni ngapi? Fomu inarudishwa lini? Na alama zako zikoje?

MtoMkavu:
Fomu nilisharudisha juzi. Niliandika jiografia. Baba hajui bado, lakini inaweza kubadilishwa hadi Ijumaa, kwa hiyo sijamdanganya. Alama ni nzuri, isipokuwa usomaji wa ramani. Mtihani uliopita tuliambiwa tuonyeshe msitu, mimi nikaonyesha mteremko mtupu. Ilikuwa bahati mbaya tu.

SaaSita:
Basi huombi ushauri, unaomba baraka.

JichoKali:
Wakuu, hadithi hii imetungwa. Kwenye ramani msitu umepakwa kijani, hata mtoto mdogo anauona. Mtu anayekosa usingizi kwa ajili ya jiografia anaukosaje msitu? Wasimamizi wafunge uzi.

BiKibibi:
Hata mimi nimeingiwa na shaka. Kijana, sema kweli.

MtoMkavu:
Sijatunga. Kijani na kahawia mimi naona rangi moja. Nilipimwa mwaka jana kwa vile vibao vya nukta vyenye namba ndani, na namba nyingi sikuziona. Nyumbani sijamwambia mtu. Niliogopa kuandika hapa kwa sababu mkisema jiografia haifai kwa macho yangu, sina kingine ninachokipenda hivi.

JichoKali:
Nisamehe, nimekuhukumu haraka. Lakini sasa swali limegeuka. Marubani hupimwa uwezo wa kutambua rangi kabla ya kupewa leseni. Baba anakusukuma kwenye mlango ambao huenda umefungwa, na wewe peke yako ndiye unayejua. Mwambie kabla ya Ijumaa.

BiKibibi:
Pole mwanangu. Nayafuta ya kwanza. Wala usilibebe kama kosa. Ni la kuzaliwa, jeni yake iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana huwapata zaidi wavulana. John Dalton, yule wa nadharia ya atomu, alieleza macho yake ya namna hiyo mwaka 1794.

FundiDira:
Dogo, kaa hapa nikwambie. Rangi ni nguo ya ramani, si mwili wake. Kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, zina namba: zikisongamana ni mteremko mkali, zikiachana ni tambarare, na hilo halihitaji kijani. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua watu Soho, London, daktari John Snow aliweka kistari cheusi kwa kila kifo. Vistari vikarundikana kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street. Ramani ile ingali inafundishwa, na ilichapwa kwa wino mweusi tu.

Kwenye kompyuta unabadili rangi utakavyo, unaweka mistari au vitone badala yake. Pagumu patakuwa ramani za miamba na picha za setilaiti, sikufichi. Na mtihani hautakungoja: mwambie mwalimu mapema, aulize kama unaweza kupewa ramani yenye alama za maandishi juu ya rangi. Ukinyamaza, watahesabu umekosea.

SaaSita:
Ramani ya ule mtihani unayo? Ipige picha, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, utuambie.

MtoMkavu:
Nimefanya sasa hivi. Kontua zimetokea zote, nimezifuata kwa kidole hadi kileleni. Msitu bado siuoni. Baba yuko sebuleni, naenda kumwonyesha simu hii hii.

BiKibibi:
Nenda. Tunakusubiri hapa.