Mshipi wa tandiko la farasi kwa mbio za kilomita 80: neoprini, ngozi ya kondoo au nyuzi?

SaisiBatinah: Wakuu, salaam. Niko zizini huku Oman, tunamwandaa farasi jike wa Kiarabu, ngozi yake laini kama ya mtoto. Tukifika kilomita 40 hivi anaanza kuchubuka kwapani, mguu wa mbele wa kulia. Mshipi wetu ni wa neoprini, ule mpira laini wa bandia. Tajiri anasema ninunue wa ngozi ya kondoo. Mnashauri nini?

MzeeWaHatamu: Neoprini unaimwagia ndoo moja ya maji, imetakata. Ubaya wake haipitishi hewa. Jasho linakwama, ngozi inalowa na kuvimba kama kidole kilichokaa majini, kisha msuguano kidogo tu inatoka. Ngozi halisi ya kondoo inakunywa jasho, lakini ina kazi: usipoichana kila baada ya safari, manyoya yanashikana na chumvi na vumbi yakawa madonge. Donge moja kwapani ni sawa na kokoto kiatuni. Ile ya bandia usiiguse, inashika joto.

Matandiko_Mombasa: Mimi nilihamia nyuzi za moheri, manyoya ya mbuzi wa Angora. Hewa inapita, unafua, unaanika, basi. Ila zikilowa zinalegea, kwa hiyo kaza tena baada ya kilomita chache za mwanzo. Hatamu nazo achana na ngozi, chukua za utepe uliofunikwa plastiki. Unafuta tu.

Kikuku77: Ngoja kwanza, mbona mnamnunulisha mwenzenu? Kasema KULIA peke yake. Mshipi mbaya ungemchubua pande zote mbili. Pima kanda za vikuku, vile anavyokanyagia mpandaji; zisipolingana uzito unaegemea upande mmoja. Tazama pia bizimu ya mshipi inakaa wapi, isije ikawa inagota kiwiko.

MzeeWaHatamu: Hilo nililiruka, umenipata. Na ukishakaza mshipi, mvute kila mguu wa mbele uende mbele, mikunjo ya ngozi inyooke. Kwenye kituo cha ukaguzi oshea chumvi kabla haijakauka. Mapigo ya moyo yanaweza kushuka hadi 64 kwa dakika vizuri kabisa, daktari wa mifugo akapapasa kifua akakuta kidonda kibichi, mkaondolewa.

Matandiko_Mombasa: Na kifaa kipya kisianzie siku ya mbio! Suruali ya mpandaji vilevile. Mshono wa ndani ya paja kwa kilomita 80, mtu anashuka anatembea kama kaa.

SaisiBatinah: Nimepima kwa kamba. Ukanda wa kikuku cha kulia umevutika, umezidi wa kushoto kwa tundu zima, na sisi tulikuwa tunahesabu matundu tu tukaona sawa. Nimebadilisha kanda zote mbili, mshipi ni uleule wa neoprini. Jana tumekwenda kilomita 30: kulia pakavu, nywele zimelala. Kushoto kuna jasho zaidi kidogo kuliko nilivyozoea, kesho nitapaangalia tena. Tajiri bado anataka ngozi ya kondoo.

Kikuku77: Mnunulie. Pesa zake.