MREJESHO: Jicho lisilo na lenzi, nimeshachagua

Wakuu, habari za siku. Mtakumbuka niliuliza niwekewe lenzi ipi, baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho kuharibika: kifuko kinachoshikilia lenzi kilichanika, nikatoka bila lenzi jicho la kulia. Asanteni mliojibu.

Miwani nilijaribu kweli. Lenzi nene, zaidi ya +10, na kwa kuwa jicho la kushoto ni zima, kila kitu kikawa viwili: kikombe kikubwa na kikombe kidogo. Nilimimina chai mezani. Lenzi za kubandika jichoni zilisaidia, ila vidole vyangu vinatetemeka, kuzivaa ni vita.

Lenzi ya chumba cha mbele (nafasi kati ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na irisi, lile duara lenye rangi), niliyokuwa naipigia debe, daktari aliikataa baada ya kuhesabu seli za nyuma ya konea. Zangu zimepungua, na lenzi ile hukaa karibu nazo mno. Zikabaki mbili: ya kubana kwenye irisi, au ya kushikizwa kwenye ukuta mweupe wa jicho. Irisi yangu ilijeruhiwa siku ile ya kwanza (bado inaniuma roho), kwa hiyo tukachukua ya ukutani, isiyo na nyuzi. Miguu yake miwili hupitishwa ukutani, ncha huchomwa kidogo zivimbe zisichomoke.

Leo wiki ya sita. Kikombe ni kimoja. Kusoma bado natumia miwani ya kawaida, na presha ya jicho inafuatiliwa.