Nimechaguliwa katibu wa klabu, najikuta nafanya kazi za kamati nzima. Mipaka ikoje?

Katibu Mpya:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na hizi kamati za kujitolea. Mkutano mkuu uliopita nilichaguliwa katibu wa klabu yetu ya mbio, hakuna anayelipwa, wote tunajitolea. Katiba yetu inasema tu katibu atashughulikia shughuli za klabu, basi. Sasa mihtasari naandika mimi, taarifa za mazoezi natuma mimi, ada nakusanya, uwanja nabuku, jezi zinalala kwangu, mtu akigombana na kocha ananipigia mimi. Mhazini yupo ila kabanwa na kazi, kanipa namba yake ya siri ya akaunti ya klabu nilipe mwenyewe ikibidi. Mwenyekiti ni mtu mzuri sana, tatizo anaamua mambo peke yake sisi tunayakuta kwenye grupu. Wajumbe wanakuja kikaoni wanasikiliza wanaondoka. Klabu naipenda na sitaki kujiuzulu wala kuonekana mkorofi. Kazi ya katibu inaishia wapi?

Mweka Vitabu:
Mkuu, hayo mengine yanasubirika ila hiyo namba ya siri mwambie aibadilishe leo leo. Nimekuwa mhazini muda mrefu na hapa sina utani kabisa. Anayepokea hela asiwe huyohuyo anayeidhinisha matumizi, na sasa hivi wewe unapokea, unalipa na unaandika, siku hesabu zikigoma huna hata mtu wa kusema alikuwa anaona. Wekeni watia saini watatu, malipo yapite kwa wawili, hata kwa njia ya mtandao benki nyingi zinaruhusu mmoja aanzishe mwingine aidhinishe. Na mhazini si mtu wa kulipa tu, anatakiwa alinganishe daftari na taarifa ya benki kila mwezi, alete ripoti kikaoni hata nusu ukurasa, mwisho wa mwaka hesabu zikaguliwe na mtu asiyekuwa kwenye kamati. Tena kama klabu haijasajiliwa kuwa chombo kinachojitegemea kisheria, nchi nyingi deni linaweza kuwafuata wanakamati wenyewe, hivyo hilo linawahusu wote siyo mhazini peke yake.

Tulia Kwanza:
Mnamtisha bure jamani. Klabu ndogo mambo ya vyeo hayana maana, mwenye nafasi anafanya.

Mweka Vitabu:
Kubeba maji ya wakimbiaji sawa, afanye mwenye nafasi. Hela hapana.

Mzoefu wa Vikao:
Ndugu katibu, kuhusu mwenyekiti. Katiba nyingi zinampa kazi ya kuongoza kikao, kuisemea klabu na pengine kura ya uamuzi kura zikilingana, uamuzi wenyewe ni wa kamati ikiwa na akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Usibishane naye kwenye grupu, utamvunjia heshima na hutapata kitu. Wewe una ajenda na mihtasari. Akitangaza jambo, mfuate kwa upole mwambie "mwenyekiti hili naliweka kwenye ajenda kamati ilithibitishe", ukifanya hivyo kila mara ataanza mwenyewe kuuliza kabla. Ya dharura kubalianeni kabisa, kwa mfano ashauriane na mhazini halafu kikao kinachofuata kithibitishe. Na mihtasari yako iseme nani anafanya nini na mwisho lini, siyo hadithi nani alisema nini, maana kikao kijacho mnaanzia hapohapo kwenye yatokanayo, yaani mliyoachia kikao kilichopita, na kila mtu anaona kazi ya nani imelala.

Mama wa Vifaa:
Mimi ni mjumbe wa kawaida kwenye kamati yetu na niseme ukweli, wengi tunakaa kimya kwa sababu hatujui tunatakiwa kufanya nini. Ukiuliza kikaoni "nani atachukua jezi" wote wataangalia simu. Andika orodha ya kila unachofanya, kisha mfuate mmojammoja kabla ya kikao, huyu jezi, huyu uwanja, mwingine awapokee wanachama wapya, kikao kije kupitisha tu. Hapo katibu utabaki na barua, ajenda, mihtasari na rejista ya wanachama, na hizo zinakutosha. Malalamiko ya kocha apewe mtu mtulivu asiye rafiki wa kocha wala ndugu yake, hilo usilibebe wewe mdogo wangu, linavunja klabu.

Katibu Mpya:
Asanteni sana, orodha nimeanza kuandika na ni ndefu kuliko nilivyodhani. Sasa mhazini akisema hana muda kabisa na mkutano mkuu bado uko mbali?

Mzoefu wa Vikao:
Soma katiba kama inaruhusu kamati kujaza nafasi kwa muda, nyingi zinaruhusu mpaka mkutano mkuu ujao. Akijiuzulu aandike barua, makabidhiano yafanyike mbele ya wawili, salio, risiti na daftari vyote visainiwe, benki mpeleke majina mapya ya watia saini. Na asikushawishi uwe mhazini wewe.

Mweka Vitabu:
Hiyo ya mwisho isome mara mbili.